Mshono wa Chande

Wapo watu wasioamini kwamba kuna nchi inayoitwa Shwarini, na serikali ya Shwarini inawashukuru sana kwa hilo. Ni serikali isiyopenda kujulikana. Inapenda utulivu. Kule mlango wa ofisi haugongwi, hukwaruzwa kwa ukucha. Jogoo huwika kwa kibali, na asiye na kibali huliwa. Kiongozi wa nchi huitwa Mtulivu Mkuu, naye ametawala muda mrefu, kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mtoto wa shule akiulizwa wingi wa cheo hicho hubaki akimkodolea mwalimu macho, maana hajapata kusikia kwamba wanaweza kuwa wawili.

Basi katika nchi hiyo watu wakaanza kupotea. Walipotea kwa adabu. Gari jeupe lilisimama, wakashuka wanaume waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, wakafuta viatu mlangoni, wakasema samahani, wakaondoka na mtu wao. Baadaye baadhi ya watu hao walikutwa wameketishwa mahali, hai, wamepauka kama unga wa muhogo, na mshono mrefu ubavuni. Wengine hawakukutwa. Serikali haikulala. Ilichukua hatua za haraka, ikaliondoa neno "kutekwa" kwenye kamusi na mahali pake ikaweka "kualikwa".

Lakini midomo ya watu haiombi kibali. Ikasemwa kwamba figo za Mtulivu Mkuu zimechoka. Wizara ikatoa taarifa kwamba Mtulivu Mkuu haumwi, anapumzika kwa bidii. Ikasemwa tena kwamba ameshawekewa figo za watu kadhaa na zote zimeshindwa, kwa sababu mwili wa Mtulivu Mkuu haujapata kumkubali mwananchi yeyote. Hapo wizara ikakosa taarifa ya kutoa.

Ndipo Profesa Rehani Ngwamba, Waziri wa Afya na Utulivu, aliposimama mbele ya mawaziri wenzake akiwa na wazo.

"Waheshimiwa," alinong'ona, maana ndivyo hotuba zinavyotolewa kule, "uvumi ukiwa sokoni ni uchochezi. Ukiwa kwenye televisheni ni sanaa. Tutengeneze tamthilia. Iwe na gari jeupe. Iwe na hospitali. Iwe na mshono. Tuionyeshe kila Jumanne baada ya taarifa ya habari. Halafu mwananchi akija kutulilia kwamba nduguye kachukuliwa, tutamuuliza kwa upole: mama, kwani jana uliangalia televisheni?"

Mawaziri wakapiga makofi kwa kidole kimoja kimoja.

*

Mwandishi aliyepewa kazi hiyo aliitwa Hemedi Kitwana, na mkewe ndiye mwenye hadithi hii. Jina lake Mwatumu binti Shebwana. Kabla ya televisheni alikuwa mchekeshaji wa masokoni, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, aliyejua kumwigiza diwani mpaka diwani mwenyewe akacheka kabla hajagundua anayechekwa ni nani. Mama yake alifariki Mwatumu akiwa hajajua vizuri kufunga kanga, akamwachia mdogo wake wa kunyonya. Akambeba. Alikwenda naye kisimani, alikwenda naye shambani, alicheza rede naye akiwa mgongoni. Watoto wenzake walikuwa wanamwita Nundu.

Mdogo huyo ndiye Chande. Alikua akawa kijana mwenye kelele kuliko wote katika nchi isiyotaka kelele. Alipiga tarumbeta harusini. Sheria ilimtaka aizibe mdomo kwa tambara, naye alitii, lakini askari wakipinda kona tu alilichomoa tambara akalitia mfukoni, na mtaa mzima ukajua kwamba pana mtu ameoa.

Tamthilia ikaitwa *Mshono*. Mwatumu alipewa sehemu ya Mama Sikitu, mama ambaye mwanawe anachukuliwa na gari jeupe. Ilikuwa tamthilia ya kusisimua, lakini kwa kiasi. Watekaji walisema samahani. Hakuna aliyekimbia, kwa kuwa kukimbia kunafundisha watu kukimbia. Kila kipindi kilimalizika kwa daktari mwenye miwani kusema kwamba uchunguzi unaendelea na dalili zinaonyesha mkono wa mataifa ya nje.

Siku ya mazoezi Profesa Rehani alikuja mwenyewe kuangalia. Mwatumu alipofika mahali pa kulia, Profesa alimsimamisha.

"Bi Mwatumu, unalia kwa macho yote mawili."

"Ndivyo ninavyolia, Mheshimiwa."

"Hiyo ni vurugu. Toa jicho moja."

Akajifunza. Alilia kwa jicho la kushoto peke yake, chozi likashuka taratibu mpaka kidevuni, likasubiri pale. Nchi nzima ikayeyuka. Wanawake walijifungia vyumbani na vioo wakijaribu.

Na Mwatumu, msimcheke, aliamini. Aliamini kwamba kazi ile inawatetea watu. Hemedi ndiye aliyemwambia hivyo, wakiwa wanakula, akimtolea samaki miiba kama alivyozoea: "Mke wangu, ukweli katika nchi hii hauwezi kupita mlango wa mbele. Mimi naupitisha dirishani." Mwatumu akampenda upya siku ile. Alimtazama mumewe mwembamba, mwenye wino vidoleni, akaona shujaa.

Baada ya muda mfupi, mwanamke mmoja alimshika mkono sokoni. Alikuwa amevaa kanga nyuma mbele bila habari.

"Mama Sikitu, mume wangu amechukuliwa. Gari lilelile."

"Pole sana, dada yangu. Umekwenda polisi?"

"Nimekwenda. Wameniuliza nimefika kipindi cha ngapi."

Mwatumu alimwambia avumilie, tamthilia ile ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Jioni akamsimulia Hemedi. Hemedi akajiongezea mchuzi.

*

Kisha wizara ikatangaza wema mwingine: upimaji wa afya wa bure kwa wasanii wa *Mshono* pamoja na ndugu zao. Hemedi ndiye aliyeleta habari, naye alikuwa wa kwanza kutoa mkono achomwe. Mwatumu akafuata. Chande hakutaka. Alisema yeye mzima, na mtu mzima akienda hospitali hupewa ugonjwa wa kuondoka nao. Mwatumu akampigia pasi shati, akamsukuma mgongoni mpaka getini.

Alirudi na soda na pakiti ya biskuti.

"Dada, wameisifu damu yangu. Daktari mmoja alimwita mwenzake aje waitazame, kama watu waliookota pete."

"Na mkojo je?"

"Mkojo hawakuusifu."

Wakacheka mpaka jirani akakwaruza ukuta kuomba utulivu.

Jumamosi iliyofuata Chande alikuwa na harusi. Mchana kweupe, watu wamekaa chini ya turubai, pilau linanukia, yeye amesimama mbele akipuliza na mashavu yametuna. Gari jeupe likaja likasimama. Wakashuka wanaume wa mashati ya pasi. Wakafuta viatu kwenye mkeka wa wageni. Wakamwambia bibi harusi samahani.

Chande aliwaona akacheka. "Mmenifuata mpaka huku? Dada ndiye amewatuma?"

Wageni wakasimama kwa furaha. Mama wa bibi harusi akarekebisha mtandio, akauliza kamera iko upande gani. Walipomkamata Chande mikono, na Chande alipoanza kupigana kweli, kwa meno na kwa visigino, watu walishangilia. "Huyu anaigiza kuliko dadake!" mmoja alisema. Gari likaondoka. Wakasubiri arudi kuwapungia mkono. Hakurudi, wakapakuliwa chakula.

Mwatumu alifika wakati wa kutoa zawadi. Mtu wa kwanza kukutana naye alimpa hongera. "Tumemwona mdogo wako. Ana kipaji jamani, ni ukoo."

"Mmemwona wapi?"

"Si hapa! Walipokuja kumteka."

"Nani alikuwa anapiga picha?"

Yule mtu akageuka kumtazama jirani yake, jirani akamtazama wa pili, na swali likazunguka turubai zima bila kupata pa kukaa. Tarumbeta ilikuwa imelala mchangani chini ya kiti. Mwatumu aliiokota, akaikumbatia, na moyo wake ukaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

*

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Inspekta Mbaruku alipomwona alisimama wima.

"Mama Sikitu! Karibu mama, karibu. Koplo, waite wenzako, Mama Sikitu yuko hapa!"

"Afande, mdogo wangu ametekwa."

"Amealikwa," Inspekta alimsahihisha kwa upole. "Endelea."

"Wamemchukua harusini, watu wote wanaona. Gari jeupe, wanaume wanne, wamempigapiga…"

"Mnaona?" Inspekta aliwaambia askari waliojazana mlangoni. "Hana hata karatasi ya kusomea. Yote ya kichwani."

Mwatumu alipiga meza. Alilia kwa macho yote mawili, kwa pua na kwa mabega, akagaragara chini ya picha ya Mtulivu Mkuu akiliita jina la mdogo wake. Askari mmoja kijana alifuta machozi. Mwingine, mzee kidogo, alitikisa kichwa.

"Kwenye televisheni unalia vizuri zaidi, mama. Hapa umezidisha."

"Chande ni mtu!" Mwatumu alipiga kelele. "Ni mtu wa kweli! Ana chumba nyuma ya kiwanda cha mikate! Nendeni mkamwulize mwenye nyumba!"

"Tunaamini mama, tunaamini," alisema Inspekta, akamwinua kwa heshima zote na kumpangusa vumbi begani. "Nenda nyumbani upumzike. Subiri Jumanne. Mimi moyo wangu unaniambia kijana atapatikana. Mwandishi wenu ni mtu mwenye huruma."

*

Hemedi alikuwa mezani anakula. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akanawa mkono, akamshika bega.

"Tulia, mke wangu. Atarudi Ijumaa."

"Nani kakwambia?"

"Huwa wanarudi. Wasiorudi ni wale ambao damu zao…"

Akakomea hapo. Akashika kijiko ambacho hakuwa na kazi nacho.

"Damu zao zimefanya nini, Hemedi?"

"Nasema tu. Kwenye tamthilia."

"Sikukutajia damu. Nimekutajia gari."

Nje palikuwa na mtu anauza maandazi kwa kunong'ona. Hemedi alisikiliza mpaka muuzaji akapita, kisha akakaa chini na kuanza kueleza, na alieleza vizuri, maana ndiyo kazi yake. Alisema Profesa alimwita na kumtilia chai kwa mkono wake mwenyewe. Alisema damu ya Mtulivu Mkuu ni ya nadra sana, na katika watu wote waliopimwa walipata wanaume wawili tu wanaofaa.

"Wa pili ni nani?"

"Mimi."

Mwatumu akaiondoa sahani mbele ya mumewe.

"Akaniuliza, kwa upole kabisa, 'Bwana mwandishi, wewe ungependa hadithi iendelee vipi?' Ningefanyaje, Mwatumu? Nina kazi ya taifa. Nikilazwa, nani ataandika? Chande ni kijana, ana nguvu, hana mke, hana mtoto…"

"Ana mimi."

"Nilimpigania! Niliomba apewe daktari mzuri. Niliomba mshono uwe mdogo."

"Na yale ya dirishani? Ukweli uliokuwa unaupitisha?"

"Wao ndio walioniletea kila kitu, tangu kipindi cha kwanza. Mimi nilikuwa naweka nukta na mkato."

Alikuwa anamtazama mkewe kwa unyenyekevu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ameeleweka. Alipoona haambiwi, akalia. Chozi lilitoka jicho la kushoto peke yake, likashuka taratibu mpaka kidevuni, likasubiri pale.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine ndicho kilichokununulia nguo. Mwatumu alivua kanga mpya aliyovaa, akaiweka juu ya kiti, akajifunga ya zamani ya jikoni. Akachukua tarumbeta. Akatoka.

*

Ijumaa Chande alirudi. Alikutwa nje ya posta amekalishwa kwenye benchi, mapajani ana mfuko wa machungwa, shingoni ana kitambulisho cha kadibodi kilichoandikwa ASANTE. Mwatumu alimbeba. Alimbeba kweli, mgongoni, mtu mzima yule, kutoka posta mpaka nyuma ya kiwanda cha mikate, na watu wakawapisha njia wakitabasamu, wakijua Jumanne wataiona vizuri zaidi.

Alimwogesha, akamnywesha uji, akamgeuza asipate vidonda. Mshono haukuwa mdogo. Ulianza mgongoni ukazunguka ubavu mpaka karibu na kitovu, kama njia ya siafu. Wageni waliokuja kumwona mgonjwa walileta mayai, wakauliza waigizaji wengine hawajambo. Siku moja Chande aliomba tarumbeta. Alipuliza mara moja, akajikunja kama mwavuli, na kilichotoka hakikuwa sauti.

"Tutawaonyesha," Mwatumu alisema.

"Tutawaonyesha nini, dada?"

Kipindi cha mwisho cha *Mshono* kilipangwa kuonyeshwa moja kwa moja kutoka Ukumbi wa Taifa, mbele ya Mtulivu Mkuu, ambaye alikuwa amemaliza kupumzika na sasa ana afya ya kutisha. Mwatumu hakuwa amekwenda kazini tangu aondoke kwa Hemedi, lakini walimbembeleza, maana tamthilia bila Mama Sikitu ni taarifa ya wizara. Akakubali. Akampangia mdogo wake: "Nitakuita jukwaani mbele ya nchi nzima. Utavua shati, useme waliokufanya hivyo ni nani. Basi. Hapo hakuna mwandishi atakayeweza kuweka nukta."

"Sawa, dada," alisema Chande.

Ukumbi ulijaa. Mwatumu alicheza sehemu yake mpaka mahali pa kulia. Hapo akasimama, akasogea mbele, akafungua ile sauti ya sokoni. Mafundi wa televisheni walikimbilia vitufe wakidhani mitambo imeharibika.

"Mimi si Mama Sikitu! Mimi ni Mwatumu binti Shebwana. Na nina mdogo wangu, niliyemlea mgongoni, hakuandikwa na mtu. Chande! Njoo!"

Chande alipanda ngazi polepole akishika ubavu. Akavua shati. Taa zikamulika mshono, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na nyumbani, na vilabuni, na kwenye kumbi za kijiji zenye televisheni moja, watu wakavuta pumzi.

"Waambie, mwanangu," alisema Mwatumu. "Waambie nani alikufanya hivi."

Chande akamtazama dada yake. Akatazama safu ya mbele. 

"Nilijitolea," alisema.

"Chande?"

"Nilijitolea kwa hiari yangu. Namshukuru Mtulivu Mkuu kwa kunipokea."

"Chande, unasema nini?"

"Nilijitolea, dada. Usiwasumbue watu."

Makofi yalilipuka, ya viganja kamili, kwa kibali maalumu. Profesa Rehani alipanda jukwaani akiwa na nishani tayari kwenye kifuko. "Ndugu wananchi," alinong'ona kwenye kipaza sauti, "mmeshuhudia uzalendo. Nchi yetu ina watu wengi, na figo mara mbili ya watu hao. Ukipiga hesabu utaona kwamba hakuna upungufu, kuna uchoyo tu. Kijana huyu ameushinda uchoyo. Na wewe, Bi Mwatumu, umetuonyesha uigizaji ambao hata sisi tulioupanga hatukuutarajia." Akamvika Chande nishani kwenye kifua kitupu, karibu na mshono. Katika safu ya waandishi, Hemedi alikuwa anapiga makofi na kichwa ameinamisha.

Hakuna aliyemkamata Mwatumu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Walimpa tuzo.

*

Waliendelea kuishi chumba kimoja, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa. Mwatumu alimwekea uji, akageuza uso. Alifua mashuka yake, akageuza uso. Chande akianza kusema, "Dada, mimi siku ile…" yeye aliinua mkono kama anayefukuza inzi. Mume alikuwa mtu aliyekutana naye ukubwani, na mtu wa njiani anaweza kukuacha njiani. Lakini huyu! Alijiuliza walimpa nini. Alitafuta uvunguni na juu ya dari akidhani ataona chochote, hakuona, na kutoona kukamkasirisha zaidi. Angekuwa amejiuza kwa kitu, angalau angejua bei yake. Nishani ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, Chande hakuivaa hata siku moja, na Mwatumu hakujiuliza kwa nini.

Mvua zikaja, zikaisha. Na asubuhi moja Mtulivu Mkuu akateleza bafuni kwenye marumaru aliyoiagiza ng'ambo, akapiga kisogo, akafa. Televisheni ilitangaza kwamba amealikwa. Madaktari waliomchunguza walikuta figo inafanya kazi vizuri kabisa. Wenye ulimi mkali walisema ndicho kitu pekee serikalini kilichokuwa kinafanya kazi.

Chande, akiwa mwenye nishani, aliamriwa kuhudhuria mazishi katika safu ya jamaa. Hakuweza kusimama muda mrefu, ikabidi Mwatumu aende naye kumshikilia. Wakasimama karibu na kaburi, kati ya shangazi za marehemu na mabalozi. Hemedi alisoma risala aliyoiandika mwenyewe, ndefu, nzuri, haikuwa na kosa hata la nukta. Aliposhuka alipita kwa mkewe.

"Msiba hupatanisha watu," alisema chini chini. "Rudi nyumbani, Mwatumu."

"Naona wanakutafuta kule mbele," Mwatumu alimjibu. "Usiwaweke wakisubiri."

 Hemedi akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi nyuma ya Profesa.

Jeneza likaanza kushuka, askari wakaelekeza bunduki juu, na bunduki zikapigwa kimya, bila risasi, tik, tik, tik. Chande alikuwa anatazama shimoni.

"Dada. Wanaizika yangu."

 Mwatumu alikuwa amemshika kwapani, uso ameuelekeza kwa mabalozi.

"Sasa aliyekuwa anaitaka ameondoka, niache niseme. Siku ile ya ukumbini ulipokwenda kuvaa, Profesa alinifuata nyuma ya pazia. Alikuwa mpole. Akanimenyea chungwa. Akaniambia, 'Mwanangu, hali ya figo moja haitabiriki. Madaktari wanasema damu ya dada yako ni kama yako. Na yeye bado anazo mbili.' Hakusema zaidi. Akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda kukaa."

Udongo wa kwanza ukaanguka juu ya jeneza. Mwatumu aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa makofi alimtazama mdogo wake usoni, akaona jinsi alivyokonda, jinsi mifupa ya mashavu yaliyokuwa yakituna ilivyochomoza.

"Muda wote huu?" alisema. "Muda wote huu mimi nakugeuzia uso, na wewe umenyamaza?"

"Ungejua ungekwenda kupiga kelele tena, nakujua. Nikasema bora aninunie akiwa mzima."

 Mwatumu alimvuta Chande kifuani, akamzungushia mikono mgongoni, chini ya shati, mpaka vidole vyake vikagusa mshono ulipoanzia, na hapo ndipo alipopasuka. Alilia kama walivyolia watu kabla ya serikali, kwa tumbo na kwa koo, akimwita mwanangu, mwanangu, nisamehe. Mabalozi waligeuka. Shangazi za marehemu walisogea pembeni. Askari wawili walianza kuja na pingu za mpira, lakini Profesa Rehani, machozi yakimlengalenga kwa jinsi jambo lenyewe lilivyopendeza, aliwazuia kwa mkono na kuwaashiria wapiga picha wasogee karibu.

Habari za jioni zilisema kwamba mwananchi mmoja mwanamke alizidiwa na mapenzi yake kwa marehemu. Mwatumu aliziona kamera zikija. Hakuzijali. Alikuwa anamlilia mtu aliye hai, na anamlilia mikononi mwake, kosa ambalo sheria za Shwarini zilikuwa bado hazijalipangia adhabu.